Faili Lisilo na Mwenyewe

Katika timu nyingi za wasanidi wa JavaScript kuna faili moja ambalo wote wanalitegemea na hakuna anayekubali kuwa ni lake: webpack.config.js. Aliyeliandika alishaacha kazi. Naye alikuwa amelinakili kutoka mradi mwingine, akaongeza mistari yake miwili, akamshukuru Mungu lilipokubali. Mgeni akiajiriwa hutembezwa kwenye msimbo wote, ila wakifika hapo huambiwa: hili usiliguse.

Webpack, chombo kinachopata mipangilio yake kwenye faili hilo, ilianzishwa na Mjerumani Tobias Koppers mwaka 2012. Kazi ya chombo hicho ni kufungasha mafaili mengi ya programu ya wavuti yawe machache ya kupakuliwa na kivinjari. Hapo mwanzo ukikosea jina la mpangilio, mara nyingi chombo kilinyamaza tu, ukabaki kujiuliza. Toleo la 2, la Januari 2017, likaleta ukaguzi: kila jina la mpangilio kwenye faili hulinganishwa na orodha ya yanayoruhusiwa, na lisilojulikana hukataliwa papo hapo. Wapo walionung’unika kuwa chombo kimekuwa kikali. Kwangu mimi, huo ulikuwa wema mkubwa.

Shida ni kwamba wasanidi wengi hawapendi kusoma ujumbe wa kosa. Wakiona maandishi mekundu, wanakimbilia tambiko la kufuta folda ya node_modules na kusakinisha vifurushi upya. Tambiko hilo husaidia vifurushi vinapogongana, lakini kwa kosa la mipangilio ni kupoteza bando, maana kosa liko kwenye faili lako mwenyewe.

Chukua aliyeandika './dist' kwenye output.path. Ujumbe unamwambia waziwazi kuwa hiyo si njia kamili. Dawa yake ni path.resolve(__dirname, 'dist'), basi. Au aliyenakili makala ya zamani yenye module.loaders: tangu toleo la 2 neno linalotakiwa ni rules, na toleo la 4, la Februari 2018, lilifuta kabisa lile la zamani. Ujumbe humtajia neno lililokataliwa, kisha humworodheshea yanayokubalika. Jibu liko pale pale, mistari michache chini ya alipoachia kusoma.

Yako makosa ambayo ukaguzi huo hauyaoni. Loda, yaani visaidizi vinavyochakata mafaili kabla ya kufungashwa, hutekelezwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo style-loader hutangulia kuandikwa na css-loader hufuata. Ukizigeuza, maneno yote ni halali ila kazi inaharibika. Hapo ndipo wakongwe huheshimiwa.

Kuomba msaada nako kuna adabu yake. Huji na mradi mzima, wala picha ya skrini iliyokatwa. Unaleta mradi mdogo uliobakiza kosa lenyewe, ujumbe wote kwa maandishi, na matoleo ya Node na webpack. Ukifika mikono mitupu utarudishwa, pengine kwa ukali usiostahili. Lakini wengi hugundua kosa wakiwa bado wanapunguza mradi, wakaghairi kuuliza.

Desturi inayokosekana ni ya kuacha maelezo. Ukilazimika kuongeza mstari wa ajabu kwenye webpack.config.js, andika juu yake kwa nini umeuweka na lini unaweza kuondolewa. Atakayekuja baada yako hana namba yako ya simu.