Kibanja cha baba na haki ya binti



Katika vijiji vya Mabira, wilayani Kyerwa, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera, mali ya kweli ya mtu haipimwi kwa fedha iliyoko benki. Mali ni kibanja: migomba, mibuni chini yake, na makaburi ya waliotangulia kando ya nyumba. Kibanja ndicho kilichowalisha watoto na kahawa yake ndiyo iliyowalipia ada. Kwa sababu hiyo, baba anapofariki, swali hunong'onwa hata kabla ya matanga kwisha: kibanja kinabaki kwa nani?

Jibu lililozoeleka ni kwamba kinabaki kwa wanaume wa ukoo. Binti, huambiwa, ataolewa au ameshaolewa, naye akipewa ardhi ataipeleka kwa watu wengine. Tumelisikia jibu hilo hata kutoka vinywani mwa watu wanaoswali safu ya mbele. Ijumaa ya leo tunataka kulitazama kwa macho mawili, la sheria ya nchi na la dini yetu, kwa kuwa katika jambo hili wapo dada zetu wengi wanaodhani kwamba hawana pa kwenda.

Tuanze na kesi iliyotoka katika mkoa huuhuu. Mwanamke mmoja wa Kihaya wa Wilaya ya Muleba alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa mtu mzima asiye na wa kumtunza, aliliuza shamba lile kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba uuzaji ule ni batili, kwa kuwa kanuni za mila za urithi, zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini zikamkataza kuiuza. Mwanamume wa ukoo, kwa upande wake, alikuwa na uwezo wa kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi mpwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikautengua uamuzi huo. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria huisoma hadi leo kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory.

Hoja ya Jaji ilikuwa nyepesi kueleweka. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na Ibara ya 13 inakataza ubaguzi. Mila inayomfunga mwanamke mikono pale inapomwacha mwanamume huru haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Uuzaji ukathibitishwa kuwa halali. Mpwa hakufungiwa mlango kabisa: aliambiwa kwamba akiitaka ardhi ya ukoo airejeshe kwa kumlipa mnunuzi shilingi zake 300,000. Kwa maneno mengine, anayeupenda sana urithi wa ukoo aoneshe mapenzi hayo kwa fedha yake mwenyewe, si kwa jasho la shangazi yake.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ikaweka wazi, katika kifungu cha 20, kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au walemavu haki ya kupata na kutumia ardhi haina nguvu. Hata hivyo safari haijakwisha. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni zilezile za mwaka 1963; mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba wajane hao walinyimwa haki zao.

Sasa tugeukie upande wetu. Baada ya vita vya Uhud, mjane wa Sahaba Saad bin Rabii (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akiwa na mabinti wawili. Baba yao ameuawa vitani, na ami yao amechukua mali yote, hakuwaachia kitu. Alikuwa akifuata mila ya Waarabu wa wakati ule, ambao waliona kwamba anayestahili kurithi ni mwenye uwezo wa kushika silaha. Zikateremka aya za mirathi katika Suratun-Nisaa. Mtume (S.A.W.) akamwita ami yule akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, naye achukue kinachobaki. Tazama, ndugu msomaji, mama huyu alivyofanya. Hakukaa nyumbani kulia. Aliyabeba malalamiko yake hadi kwa mwenye mamlaka ya kuamua, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosa adabu.

Tunasema hivi kwa kuwa ipo hila inayotusikitisha. Mtu husimama kama Mwislamu anapodai kwamba fungu la mwanamume ni mara mbili ya fungu la dada yake, kisha dada anapoomba hilo fungu lake moja, mtu yuleyule hugeuka Mnyambo au Mhaya na kudai kwamba mila haiwapi wanawake kibanja. Nusu ya fungu la kaka si sifuri. Ipo na hila nyingine, ya kumwita dada mbele ya wazee na kumwomba "asamehe". Wanazuoni wetu wamesema kwamba kinachochukuliwa kwa kumtia mtu haya hakina tofauti na kilichochukuliwa kwa nguvu. Akabidhiwe kwanza fungu lake, mipaka ioneshwe, kisha akipenda kumpa kaka yake, atoe kwa hiari.

Ni sheria ipi basi itakayotumika mahakamani? Kwa marehemu Mwislamu, mahakama hutazama namna alivyoishi na alivyokusudia: je, aliishi kwa kufuata Uislamu, au kwa kufuata mila za kabila lake? Hapa ndipo familia nyingi huangukia, kwani marehemu hakuacha hata karatasi moja. Baba anayetaka mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu aandike hivyo akiwa hai, mbele ya mashahidi. Qur'an imetufundisha kuandika deni hata likiwa dogo, sembuse kibanja.

Mlango wa kwanza wa mirathi ni Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipoishi marehemu. Huko huombwa usimamizi wa mirathi, na binti anayo haki ya kuomba au kuweka pingamizi. Muhtasari wa kikao cha ukoo husaidia, lakini kikao si mahakama, na msimamizi akishateuliwa hakuwa mmiliki. Anatakiwa ndani ya miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu zake. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kutoka hapo iko Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Kyerwa na Karagwe inakaa Bukoba.

Ugomvi wa mipaka au wa mtu aliyevamia shamba una njia yake. Lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na lipo Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30 shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo bado wanaoshika karatasi ya usuluhishi wakidhani ni hukumu.

Kwa asiye na fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humwelekeza mtu na kumsaidia kuandaa nyaraka bila malipo, ingawa hawawezi kumsimamia mahakamani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya ni mahali pazuri pa kuwaulizia.

Jambo moja halisubiri. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu huweza kuanza siku ile ile aliyofariki. Dada aliyenyamaza ili kulinda udugu huku kaka akipanda mibuni mipya, mwaka wa kumi na tatu anaweza kukuta mlango umefungwa.