Kwa Nini Kadi ya Zamani ya Kompyuta Yaweza Kuuzwa Ghali Kuliko Mpya

Kijijini twaijua desturi ya bei. Baiskeli iliyotembea miaka kumi haiuzwi sawa na ile iliyotoka dukani leo, na jembe lililolika halina mnunuzi. Basi mzazi akiingia katika maduka ya kompyuta ya Kariakoo, au yale ya mjini kati, akaambiwa, "Mzee wangu, kadi hii ya mwaka 2019 bei yake yaipita ile iliyotoka nyuma yake," atadhani anaibiwa kwa kuwa ametoka shamba. Huenda anaibiwa kweli. Lakini huenda pia mwenye duka asema kweli. Yafaa tujue tofauti, maana fedha hizo mara nyingi ni mavuno ya mwaka mzima, au ng'ombe aliyeuzwa ili kijana apate chombo cha masomo.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe. Kadi ya grafiki ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuchora yale yanayoonekana kwenye kioo. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu, kompyuta nyingi hazihitaji kadi ya namna hii. Lakini kijana anayejifunza kuchora majengo au kutengeneza filamu aihitaji sana. Wenye kuzibuni hasa ni kampuni za Marekani, Nvidia na AMD, lakini moyo wa kadi nyingi hutengenezwa Taiwan, katika viwanda vya kampuni ya TSMC.

Sababu ya kwanza ya bei kupanda ni kiwanda kuacha kazi. Kila mkulima ajua kwamba debe la mahindi wakati wa mavuno si bei moja na debe lile lile ghala zinapokaribia kwisha. Mahindi hayakuongezeka utamu. Yamepungua tu, na walaji ni wale wale. Ndivyo ilivyo kwa vyombo hivi. Aina mpya ikitokea, kiwanda huacha kutengeneza ya zamani, lakini wenye kompyuta za zamani hawatoweki siku hiyo. Mwaka 2025 jambo hili lilionekana wazi katika vibao vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu. Watengenezaji wakubwa walipotangaza kupunguza na kuacha aina ya DDR4, wanunuzi wakaikimbilia, hata mwezi wa Juni bei yake katika masoko ya dunia ikaipita ile ya DDR5 iliyo mpya.

Sababu ya pili ni kufaa. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini ni za mtumba, zilizotumika kwanza katika ofisi za ng'ambo. Nyingine ni nyembamba. Kadi ndefu haiingii. Tena hazina waya wa ziada wa kuilisha kadi umeme, na tundu inapochomekwa kadi hutoa wati 75 tu. Basi kadi fupi ya aina ya GTX 1650, ya mwaka 2019, isiyodai waya huo, hutafutwa na wengi. Kadi mpya yenye nguvu zaidi haina faida kwako ikiwa haiingii katika sanduku lako.

Sababu ya tatu ni kwamba upya si nguvu. Mwaka 2017 Nvidia ilitoa kadi ya GT 1030. Mwaka 2018 ikatoa nyingine kwa jina lile lile, lakini yenye kumbukumbu ya polepole zaidi. Ile ya kwanza ndiyo bora. Vivyo hivyo RTX 3090 ya mwaka 2020 ina kumbukumbu ya gigabaiti 24, na RTX 5070 ya mwaka 2025 ina gigabaiti 12. Wanaofanya kazi za akili bandia huhitaji kumbukumbu kubwa, kwa hiyo ile ya zamani, hata ikiwa mtumba, mara nyingi huuzwa ghali zaidi.

Tena yako majira ya njaa. Kati ya miaka 2020 na 2022 ugonjwa wa korona ulivuruga viwanda na meli, na wakati huo huo watu wa nchi nyingi walinunua kadi kwa wingi ili kuchimba fedha ya mtandaoni iitwayo Ethereum. Mwaka 2021 Nvidia ilirudisha sokoni kadi ya GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 139. Ethereum ilipoacha njia hiyo Septemba 2022, bei zikashuka. Aliyeweza kungoja aliponyoka.

Lakini tujihadhari: ghali si dhamana. Nvidia ilitangaza kwamba kadi za ukoo wa GTX 1050 Ti hazitapata maboresho ya kawaida baada ya Oktoba 2025, ila marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Tena wako walaghai wanaochukua kadi dhaifu ya kale na kuiandika upya ndani ili ijitaje kwa jina la kadi bora. Iko programu ya bure, GPU-Z, iwezayo kufichua nyingi za namna hiyo. Mwambie fundi aifungue mbele yako kabla hujatoa shilingi.

Basi, wazazi, kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam, mwambieni kijana aandike mambo matatu katika karatasi: kazi anayotaka kuifanya, jina kamili la kompyuta yake, na nafasi na umeme uliomo ndani yake. Kisha ulizeni bei katika maduka matatu au manne. Mkikuta kazi yake ni barua na hesabu tu, rudini na fedha zenu, kadi haihitajiki. Na mkikuta ya zamani ni ghali, msimwite mwenye duka mwizi upesi, wala msilipe upesi. Mwulizeni sababu. Mwenye haki atawaeleza, na atakubali kadi ijaribiwe.