Taarifa ya Saa Mbili

Kundi la WhatsApp la ukoo wetu huamka saa tano usiku. Kwanza inaingia picha ya basi lililopinduka, haijulikani wapi wala lini. Kisha sauti ya mwanamke anayelia, anaonya watu wasipite barabara fulani, na juu yake ile mishale miwili ya ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Shangazi anaandika "Mungu atunusuru", binamu anaongeza video ya mafuriko. Mimi niliyeshika simu ili nitege kengele ya asubuhi tu, nimekaa kitako kitandani, moyo unanienda mbio kwa ajali ambayo pengine ni ya mwaka juzi, tena ya nchi nyingine.

Mwili hauulizi tukio liko umbali gani. Mabomu yalipolipuka kwenye mbio za Boston, Marekani, Aprili 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine waliwahoji watu zaidi ya 4,600. Waliofuatilia habari za shambulio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili kali za mshtuko kuliko hata wale ambao lile shambulio liliwagusa moja kwa moja. Inawezekana mwenye wasiwasi ndiye anayetazama zaidi, sawa. Ila mtu wa kwenye kochi kumzidi aliyesikia mlipuko kwa masikio yake si jambo dogo.

Na wanaotuuzia habari wanatujua. Uchambuzi wa vichwa vya habari zaidi ya 100,000 vya tovuti ya Upworthy, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba kila neno baya lililoongezwa kwenye kichwa lilivuta wabofyaji kwa asilimia 2.3 zaidi. Ongeza hapo ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, aliobuni Aza Raskin mwaka 2006: unateremsha kidole, na chini hufiki.

Babu yangu, kule Muheza, alifika chini kila siku. Ngoma za Radio Tanzania zikilia saa mbili usiku, watoto tulinyamazishwa. Vita vya Kagera, 1978 na 1979, alivifuata hivyo hivyo, na mjomba wetu alikuwa mstari wa mbele. Taarifa ikiisha, redio inazimwa, maana betri zilikuwa ghali na zile zilizochoka zilishinda juani juu ya bati zikianikwa zipate nguvu kidogo. Asubuhi yuko kwenye michungwa yake. Nani angethubutu kusema yule mzee hajali? Vita nzima, mwanawe akiwa huko, aliibeba kwa dakika chache kwa siku.

Wakati wa korona, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri unaofanana na desturi yake: tafuta taarifa mara moja au mbili kwa siku, kwa saa maalumu. Ndivyo ninavyofanya. Nasikiliza taarifa ya saa mbili, kundi nimelinyamazisha, simu inalala sebuleni, na kengele ni ya saa ya mezani niliyonunua Kariakoo.

Shangazi hakupendezwa. "Mwanangu, siku hizi kwenye kundi huonekani."

"Shangazi, nipigie. Nitapokea."

Sasa ananipigia, na kumbe habari zenyewe za ukoo, nani kalazwa, mchango wa nani haujatimia, ndizo nilizokuwa nazikosa chini ya yale mabasi.

Kukata kabisa sikushauri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa nawe unaishi bondeni Jangwani, Dar es Salaam, utasombwa na utulivu wako.

Tena wapo ambao hawana nafasi ya kuchagua. Fundi wangu wa viatu ni mtu wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliotekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Kumwambia huyo apumzike na habari ni kumtukana. Yeye na kaka yake wamekubaliana: kila alfajiri ujumbe mmoja wa sauti, basi. Video za mapigano anazotumiwa na watu wengine anazifuta bila kuzifungua. Juzi nilimkuta akisikiliza: mama anaendelea vizuri, unga wa fufu umepanda bei, benki bado zimefungwa. Akairudisha simu mfukoni, akachukua gundi. "Dada, hivi unavitaka lini?"