Kukaa na Waliofiwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalopungua polepole katika maisha yetu, nalo ni kukaa matangani.

Wazee miongoni mwenu wanaikumbuka saa ya matangazo ya vifo katika Sauti ya Kenya. Redio ilipoanza kusoma majina, watoto walinyamazishwa, chungu kikaachwa mekoni, na kila mmoja akatega sikio akihofu kusikia jina la kwao. Aliyelisikia alifunga safari. Kwa wengi hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia mfiwa ila kwa miguu au kwa basi.

Siku hizi habari huja kwa simu, pengine kabla mwili haujaondolewa wodini. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango nao hufika siku ile ile. Hatuilaumu simu. Jeneza hununuliwa kwa fedha, na mwana aliye ng'ambo hutoa sehemu yake bila kuchelewa. Kisha ukaja mwaka 2020, mwaka wa korona, serikali ikaamuru kwa muda kwamba mazishi yahudhuriwe na watu 15 tu. Amri ile ilikwisha, lakini wengi walikwisha kuzoea kutoa pole wakiwa mbali.

Basi, ni kitu gani hasa kilichopungua? Mtazameni mjane siku ya kwanza. Kila aingiaye humwuliza, "Ilikuwaje, mama?" Naye husimulia: jinsi mzee alivyoamka akilalamika kifua, alivyoomba maji, gari lilivyochelewa. Asubuhi husimulia akilia. Jioni, mara ya ishirini, aweza kulitamka neno "marehemu" bila sauti kukatika. Wako wanaosema kwamba maswali haya ni udaku, sisi hatukubali. Katika kusimulia, moyo hujifunza kuamini yale ambayo macho yamekwisha kuona. Ujumbe wa simu hauulizi neno. Husema "poleni sana", hujibiwa "asante", basi.

Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wasimwambie neno. Walimchosha walipoanza kuhubiri. (Wahubiri wenzetu watuwie radhi.)

Tena matanga yana mwisho. Hema hushushwa, viti vya kukodi hurudishwa, jamaa hupanda magari. Juma la tatu nyumba huwa kimya, na simu pia. Nendeni wakati huo, hata mkono mtupu. Mkimkuta akichambua maharagwe, chambueni pamoja naye. Asiyeweza kwenda na apige simu, asiandike, naye aulize ilikuwaje. Na mama akianza tena tangu mwanzo, kifua, maji, gari, msimwambie kwamba mmekwisha kusikia.