Desemba ya Kalenda Tatu: Likizo ya Watoto katika Familia Zenye Shughuli Nyingi

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam zenye asili ya mkoa wa Kilimanjaro, mwezi wa Desemba hukutanisha kalenda tatu ambazo katika miezi mingine huenda kila moja kivyake: kalenda ya shule, inayowarudisha watoto nyumbani kwa takriban wiki tano, kalenda ya kazi na biashara, ambayo aghalabu huwa na pilikapilika nyingi zaidi wakati huohuo, na kalenda ya ukoo, inayomtaka kila mtu awe amefika kijijini kabla ya mkesha wa Krismasi. Kalenda hizo hazikupangwa na mtu mmoja wala kwa lengo moja, na sehemu kubwa ya mivutano inayozuka majumbani mwishoni mwa mwaka, ambayo hubebeshwa watoto kwa ukorofi wao au wazazi kwa kutojali, hutokana na kutopatana kwa kalenda hizo. Makala haya yanachunguza jinsi mgongano huo unavyotokea, na kwa nini watoto, hasa wale waliokwisha kubalehe, wanastahili kuwa miongoni mwa wanaoutatua.

Kalenda ya shule ndiyo inayoonekana kuwa nyepesi kuliko zote, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Tanzania Bara huanza Januari na kumalizika mapema Desemba, lakini ndani ya nyumba yenye watoto wa rika mbalimbali likizo haianzi siku moja kwa wote. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba na ule wa kidato cha nne hufanyika Novemba, kiasi kwamba mtoto wa darasa la saba anaweza kuwa amekaa nyumbani kwa karibu miezi mitatu wakati mdogo wake wa darasa la tatu anapofunga shule, na kaka yao aliyemaliza kidato cha nne akawa na nusu mwaka mbele yake, kwa sababu matokeo yake hutoka kwa kawaida mwezi Januari na kidato cha tano huanza Julai. Kwa huyo wa darasa la saba, Desemba si mwezi wa mapumziko tu, kwani ndipo kwa kawaida hutangazwa majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na anayepangiwa shule ya bweni hupokea fomu ya kujiunga, yaani waraka wa shule unaoorodhesha mahitaji ya mwanafunzi mpya: tranka, godoro, ndoo, sare, rimu ya karatasi, jembe na fagio la chelewa. Orodha hiyo humfikia mzazi akiwa bado anatafuta nauli ya kwenda kijijini, na vitu vyote hivyo vinatakiwa kuwa tayari wiki chache baada ya sikukuu.

Kalenda ya kazi haina nafasi ya kutosha kwa wiki hizo tano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu za umma zinazoangukia ndani ya siku hizo huhesabiwa humohumo, lakini sheria hiyohiyo humruhusu mwajiri kuamua likizo ichukuliwe lini, kwa masharti iliyoyaweka. Matokeo yake ni kwamba mhasibu anayefunga hesabu za mwaka, muuguzi aliyepangiwa zamu ya siku ya Krismasi na mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo, ambaye wiki ya mwisho kabla ya sikukuu ndiyo humletea wateja wengi kuliko wakati mwingine wowote, wote huwa kazini katika kipindi ambacho watoto wako nyumbani kutwa nzima. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba msaidizi wa kazi za nyumbani, yule anayeitwa dada na watu wote wa nyumba hiyo, naye ana kwao Iringa, Singida au Tanga, na naye huomba ruhusa ya kwenda kula sikukuu na wazazi wake, hivyo mikono iliyokuwa ikiendesha nyumba mwaka mzima huondoka katika majuma ambayo kazi za nyumbani zimeongezeka.

Kalenda ya ukoo ndiyo yenye uzito kuliko hizo mbili, ijapokuwa haikuandikwa popote. Watani husema kwamba Wachaga, wenyeji wa Kilimanjaro, hurudi Moshi kila Desemba kwenda kuhesabiwa, na utani huo umeshika kwa sababu una ukweli ndani yake: kitovu cha safari hiyo ni kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa, banda la ng'ombe na mara nyingi makaburi ya wazee, ambalo hurithishwa kizazi hadi kizazi na ambalo haki juu yake huendana na kutambulikana kama mtu wa hapo. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya hufanyika vikao vya ukoo, ambamo hujadiliwa mipaka, matunzo ya wazee, ada za yatima na magomvi yaliyolala mwaka mzima. Harusi, ubatizo na kipaimara hupangwa katika siku hizohizo kwa kuwa ndipo jamaa wote wanapopatikana. Katika vikao hivyo bado lipo isale, mmea wenye majani marefu membamba ambao hupandwa kuonyesha mipaka ya vihamba, na ambao jani lake, likipelekwa kwa aliyekosewa, huwa ombi la msamaha ambalo kwa desturi ni vigumu kulikataa.

Kwa mtoto wa mjini, elimu ya kihamba hupatikana zaidi katika kazi kuliko katika maelezo. Mtori, ambao ni supu nzito ya ndizi na nyama, huanza na kumenya ndizi za mshare, ambazo utomvu wake hunasa mikononi mwa asiyejipaka mafuta kwanza. Ndizi hizo huchemshwa pamoja na nyama yenye mifupa mpaka zilainike, nyama ikatolewa kando, ndizi zikapondwa hadi zisibaki mabonge, kisha vyote vikarudishwa jikoni pamoja na kitunguu na maziwa au siagi. Bibi anayemkabidhi mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu mwiko wa kupondea, na kumwonya kwa upole kila anapoacha mabonge, humpa nafasi ya kuaminiwa na kukosolewa bila kuaibishwa, jambo ambalo ratiba ya mjini haikuruhusu kwa mwaka mzima. Vivyo hivyo kwa kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji na kumsindikiza babu kanisani, kazi ambazo kijana hulalamikia siku ya kwanza na kuzizoea baada ya siku chache, mradi asizifanye peke yake huku watu wazima wakiwa wamekaa na mbege, yaani pombe ya ndizi.

Safari yenyewe, ya zaidi ya kilomita 500 kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same, hufanywa na maelfu ya watu ndani ya siku chache, na hapo ndipo kutopatana kwa kalenda kunapogeuka gharama na hatari. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ijulikanayo kwa kifupi kama LATRA, hupanga nauli elekezi, yaani kiwango ambacho mwenye basi haruhusiwi kukivuka, na hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada wakati wa msongamano, lakini anayefika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, tarehe 23 Desemba bila tiketi huwa amejiweka mikononi mwa walanguzi. Kurejea kwa treni ya abiria ya Moshi mnamo Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miongo miwili, na kuruhusiwa tena kwa mabasi ya usiku mwaka 2023 kumeongeza njia za kuchagua. Hata hivyo, familia nyingi bado hupata nafuu kubwa zaidi kwa kuigawa safari: watoto hutangulia na shangazi au mama mdogo wiki ya kwanza baada ya kufunga shule, wakati nafasi bado zipo, na wazazi hufuata watakapoachiwa na kazi. Mpango huo unafaa pale tu anayewapokea ametajwa kwa jina, ana namba za simu za wazazi, na anajua dawa za mtoto mwenye pumu au kifafa. Kumkabidhi mtoto kwa kondakta asiyefahamika si mpango.

Vijana balehe, yaani wale walio kati ya miaka 10 na 19 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, huleta swali jingine, kwa sababu wengi wao hawataki kuondoka mjini. Marafiki zao wamebaki huko, mtandao wa kijijini hukatika, na mazungumzo ya wazee huwa ya lugha za Kichaga kama Kivunjo, Kimachame au Kirombo, ilhali wao walikulia katika Kiswahili. Zaidi ya hayo, kijana wa miaka kumi na saba hulazwa chumba kimoja na watoto wadogo na kutumwa dukani kama wao. Mzazi aliyechoka huuona ukimya wake kuwa ni dharau, na simu huwa ya kwanza kunyang'anywa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huutaja muda wa kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, na chini ya sheria hiyo kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo haki hiyo haikomi sauti inapobadilika. Kinachomsaidia kijana ni kupewa wajibu unaolingana na umri wake pamoja na saa zake mwenyewe: kuandika majina ya wanaukoo kwa vizazi alivyosimuliwa na babu, kusimamia bajeti ya chakula cha safari, au kukaa nyuma katika kikao na kusikiliza jinsi mpaka unavyoamuliwa, kwani siku moja yeye ndiye atakayeulizwa.

Fedha nazo zimo ndani ya mgongano huo wa kalenda. Vikundi vingi vya kuweka na kukopeshana, vikiwemo VICOBA, ambavyo ni benki ndogo zinazoendeshwa na wanachama wenyewe, hugawana akiba mwishoni mwa mwaka, na kwa hiyo Desemba huonekana kuwa na fedha kuliko ilivyo. Nauli ya kwenda hulipwa kwa furaha, ya kurudi husahauliwa, na ada, sare na tranka hukutwa Januari, mwezi ambao mshahara wake huwa mbali kwa sababu ule wa Desemba ulilipwa mapema. Familia inayolipia kwanza mahitaji ya shule, ikatenga nauli ya kurudi, kisha ikapangia sikukuu kilichobaki, mara nyingi hulazimika kuwaambia watoto kwamba mwaka huu nguo mpya ni moja au kwamba safari itafanyika mwaka ujao, na watoto walioonyeshwa hesabu huipokea habari hiyo vizuri kuliko wale walioahidiwa na kunyimwa.

Familia za Kiislamu hukutana na mvutano kama huo kwa namna nyingine, kwa kuwa Idi hufuata mwandamo wa mwezi nayo likizo ya shule haiufuati, hivyo wiki za Desemba hutumika zaidi kwa harusi, madrasa na kutembelea jamaa. Popote pale, hatua ya kwanza ni ileile: mwezi Novemba, kabla tiketi hazijapanda na ruhusa hazijaombwa, wote waketi na kuziweka kalenda hizo mezani, kila mtoto aseme jambo moja analolitaka na kazi moja atakayoibeba, na mzazi aseme bila kuficha siku ambazo hatakuwepo. Kikao hicho hakitaongeza siku za likizo wala kupunguza zamu za hospitali, lakini kitaamua mapema nani akose nini, uamuzi ambao usipofanywa na familia nzima hufanywa na uchovu wa mtu mmoja.