Inauzwa, Ila Haiuziki

Dar es Salaam kuta nyingi zimeandikwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Ni kinga dhidi ya matapeli, na pengine dhidi ya shemeji. Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, mwenye nyumba anaweza kujikuta na shida ya upande wa pili: yake inauzwa, ila haiuziki.

Wa kwanza kukumbukwa ni dalali wa Karatu. Simu yake imejaa namba, na mdomo anao. Lakini tazama anakula wapi. Wapo madalali wanaomtoza mteja hela ya kuonyeshwa nyumba. Mteja akishuka hadi Mto wa Mbu, akapita Engaruka na vumbi lake, dalali ameshalipwa, anunue asinunue. Kwa mtu wa namna hiyo nyumba isiyouzika ni shamba: anavuna kila anapoleta mgeni. Kubalianeni alipwe siku ya mauzo tu. Akikataa, umeshamjua.

Halafu kuna cha juu. Wewe unataka milioni 30, yeye anatangaza 35. Ukiwapa kazi madalali watano, nyumba moja ina bei tano, na mnunuzi akisikia mbili tu kati ya hizo anahisi anaingizwa mjini. Mpe mmoja, kwa maandishi, miezi mitatu, bei na asilimia yake vikiwa humo humo.

Hata huyo mmoja lazima aijue ardhi ya huku. Aliyezoea viwanja vya mjini vyenye hati husahau kwamba ardhi ya kijiji ina Sheria yake, Na. 5 ya 1999, na kwamba mtu wa nje hanunui kienyeji bila Halmashauri ya Kijiji kuridhia. Mhuri wa wakili peke yake hautoshi. Mnunuzi atakuwa amenunua kesi. Na dalali akikuahidi mzungu anayetafuta pa kujenga kambi karibu na Ziwa Natron, mwulize huyo atamiliki vipi. Asiye raia hupata ardhi Tanzania kwa ajili ya uwekezaji tu, na ya kijiji sharti kwanza ihaulishwe. Hiyo si safari ya mwezi mmoja.

Dalali anayejua kazi huanza na maswali ya kukera. Una hati ya hakimiliki ya kimila? Mkeo ameridhia? (Sheria ya Ndoa ya 1971 haitaki umzunguke.) Maji mnachota wapi? Na bei hii, mzee, uliitoa wapi?

Mimi ningempa kazi yule aliyeanza na hilo la mwisho.