Kutazama Darasa Kabla ya Kuchagua Kufundisha Hisabati na Sayansi

Kila mwaka wanachuo hunijia na swali lile lile: "Mkufunzi, nijikite katika Hisabati na Sayansi, au nibaki upande wa lugha?" Wengine huuliza kwa sababu walipata alama nzuri katika masomo hayo; wengine kwa sababu wamesikia kuwa walimu wa masomo hayo wanatafutwa. Sababu zote mbili zina uzito, lakini hazitoshi. Aliyefaulu kukokotoa hajajua bado kama ataweza kuketi na mtoto asiyeweza kukokotoa, siku hata siku, pasipo kumkatia tamaa. Jambo hilo haliandikwi katika cheti. Hujulikana darasani, na njia nyepesi ya kulijua ni kwenda kukaa humo na kutazama.

Huenda utasema kwamba umekwisha kutazama vya kutosha. Mtaalamu wa Marekani, Dan Lortie, alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1975. Alisema kuwa kila anayeingia katika ualimu amekwisha kukaa mbele ya walimu kwa maelfu ya saa, akiwa mwanafunzi. Lakini aliuona upande mmoja tu wa kazi. Mwanafunzi haoni maandalio ya somo, wala hajui kwa nini mwalimu aliuliza swali hili akaliacha lile. Watu wa pwani husema: usione vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi hupanda chombo kilichokwisha kuundwa. Mwanachuo anayetazama darasa huenda kuwaona mafundi wakiwa kazini.

Uchaguzi huu si jambo dogo. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Hakuna mtoto aliyeanza kushindwa siku ya mtihani. Kila mmoja wao aliwahi kuketi katika darasa la pili na la tatu, mbele ya mwalimu kama utakavyokuwa wewe.

Adabu ya mtazamaji

Mtazamaji ni mgeni. Fika kwanza kwa Mwalimu Mkuu, ueleze shabaha yako, kisha uombe ruhusa ya mwalimu wa somo mwenyewe. Ingia kabla ya kipindi kuanza, si katikati yake. Usimsahihishe mwalimu mbele ya wanafunzi, hata kama amekosea ubaoni. Baada ya kipindi mshukuru, na ukiwa na swali liulize kwa namna ya mtu anayetaka kujifunza: "Mwalimu, kwa nini uliamua kuanza na mfano ule?" Swali kama hilo hufungua mlango, lakini hukumu huufunga.

Mtazame mtoto mmoja

Nilipokuwa mwanachuo nilipelekwa kutazama somo la Hisabati katika darasa la tatu. Nilijaza kurasa nne: sauti ya mwalimu, mpangilio wa ubao, zana, matumizi ya wakati. Mkufunzi wangu alizisoma zote, kisha akaniuliza, "Mtoto aliyeketi karibu nawe alifanya nini?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilirudi, nikaomba kuketi kando ya msichana mmoja. Daftari lake lilikuwa na hesabu tatu za kutoa. Kwa 52 – 27 aliandika 35. Kwa 61 – 38 aliandika 37. Kwa 40 – 16 aliandika 36. Zote zilikuwa zimepigwa mkasi mwekundu, na chini yake pameandikwa kwamba aongeze bidii. Nilizitazama kwa muda mrefu kabla ya kung'amua kwamba makosa hayakuwa matatu. Lilikuwa moja. Katika kila safu mtoto yule alitoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa akiitii kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ilikuwa yake mwenyewe.

Wakati wa mapumziko, kwa ruhusa ya mwalimu, tulikusanya vijiti tukafunga mafungu matano ya kumi kumi, na vijiti viwili pembeni. Nikamwomba anipe vijiti ishirini na saba. Alinipa mafungu mawili, kisha akavitazama vile viwili, akanitazama mimi. Hatimaye alifungua fungu moja kwa meno. Sasa alikuwa na vijiti kumi na viwili. Akahesabu saba akanipa. Akatazama kilichobaki: mafungu mawili na vijiti vitano. Bila ya kuambiwa neno, aliifuta 35 akaandika 25.

Ndugu mwanachuo, siku hiyo ndiyo niliyochagua kazi yangu. Sikuichagua kwa sababu naipenda Hisabati, ijapokuwa naipenda. Niliichagua kwa sababu niligundua kwamba kosa la mtoto lina maana, na kwamba nilifurahi kuitafuta maana hiyo.

Upime ukimya

Jambo la pili la kutazama ni muda. Mwalimu akiuliza swali, hesabu kimoyomoyo ni sekunde ngapi zinapita kabla hajalijibu mwenyewe au kumwita mtoto mwingine. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida walimu walisubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakinyamaza walianza kusema. Sekunde tatu hazihitaji fedha wala vifaa. Zinahitaji mwalimu asiyeuogopa ukimya. Jiulize kama wewe utaweza kuwa huyo.

Tazama maswali yanavyopokewa

Katika Sayansi, sikiliza hasa maswali ya watoto. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wa maziwa aliouweka kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri aliyewatembelea kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, lakini mgeni yule alikwenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na hadi leo wanasayansi ulimwenguni hulijua na kulijadili jambo hilo kwa jina la Mpemba. Tofauti ya waliompokea haikuwa elimu peke yake; mmoja alikuwa tayari kupima kabla ya kukataa.

Hapa kwetu Msata, ambapo barabara ya Bagamoyo hukutana na ile iendayo Segera, watoto huja shuleni na maswali mengi. Wanaona mananasi ya Kiwangwa yakiuzwa kwa mafungu. Wanasikia habari za chumvi inayopatikana kwa kuanika maji ya bahari huko Bagamoyo. Tazama kama mwalimu anayatumia hayo. Sahani mbili za maji ya chumvi, moja juani na nyingine kivulini, zinatosha kwa somo zima la mvukizo.

Tazama pia kazi isiyoonekana

Usiondoke kengele inapolia. Kaa na mwalimu wakati anasahihisha. Darasa la watoto 70, kila mmoja na hesabu kumi, lina majibu 700. Kwa sekunde tano kila moja, hizo ni dakika 58, na hapo bado hajatafuta sababu ya kosa hata moja. Anayechagua somo hili ajue na mzigo huu mapema, ili usimshtue baadaye.

Maswali matatu ya kujiuliza

Baada ya ziara nne au tano, keti peke yako ujiulize: Je, kosa la mtoto lilinikera, au lilinifanya nitake kujua? Je, ningeweza kusema "sijui, tujaribu" mbele ya darasa bila ya kuona aibu? Je, nilipoona madaftari yale, nilitamani kukimbia au kufungua la kwanza?

Ukiona kwamba majibu yako yanakupeleka kwenye lugha au maarifa ya jamii, nenda huko kwa moyo mkunjufu. Watoto wanakuhitaji huko pia. Lakini ukijikuta njiani, wakati wa kurudi chuoni, ungali ukiwaza kwa nini mtoto fulani aliandika 35, basi rudi tena kesho. Chukua vijiti.